Habari za Nyaduoth na Mistari Mitatu ya Saa Nane

Jongeeni, enyi wenye masikio! Jongeeni wake kwa waume, wauza bamia na washona viatu, waendesha boda na wangoja mizigo. Wekeni chini vikombe vyenu vya shai, simu zitulieni mifukoni, na mtoto anayelia apewe ziwa. Leo haisimuliwi habari ya majeshi wala ya wafalme waliovuka Nile na ngoma zao, bali ya jambo zito kuliko hayo yote: jinsi Nyaduoth, binti aliyelelewa Eldoret na kurudishwa Juba na damu yake, alivyotia mistari mitatu katika programu na kuiacha mia nne na kumi nje, siku ya Ijumaa, chini ya mlima wa Jebel Kujur, huku saa ya ukutani ikimtazama kwa jicho baya. Anayesema kuwa hilo ni jambo dogo hajawahi kusimama juani saa nzima akingoja gunia lake la matoke.

Palikuwa na ofisi ya mizigo katika soko la Jebel, na mwenye ofisi aliitwa Lubega, mwana wa Masaka ya Uganda, bwana wa mizani na kamba, mtu ambaye tumbo lake lilimtangulia mlangoni na huruma yake ikaingia baadaye kidogo. Kila Jumanne na kila Ijumaa basi lilitoka Kampala likivuka mpaka wa Nimule, nalo likaja limebeba magunia, maboksi na mafurushi ya watu wa Jebel, wa Gudele na wa Lemon Gaba. Mizigo ilipangwa, wenyewe wakaja kuichukua, na ilipotimia saa tisa mchana kile kisichochukuliwa kilipakiwa garini kikapelekwa stoo ya mbali, na kukitoa huko kulikuwa ni hija. Kaunta ilishikwa na Cissy, mwenye sauti ifikayo ng'ambo ya soko bila kipaza sauti, na juu ya kichwa cha Cissy, ukutani, ilining'inia saa.

Sasa tegeni sikio, maana fitina yote ilizaliwa katika saa hiyo. Mwaka ule serikali ilipoamuru akrabu za saa zirudi nyuma kwa saa moja, Juba nzima ilitii: makanisa yalitii, shule zilitii, hata majogoo, baada ya kusitasita, yalitii. Ukuta wa Lubega haukutii. Ulibaki na saa ya Kampala, kwa kuwa Lubega alisema dereva yuko Kampala, mke yuko Kampala, na yeye mwenyewe moyo wake uko Kampala siku za Jumapili. Na Nyaduoth alipokuja kumwandikia programu ya kuwatumia watu ujumbe wa mizigo yao, aliutazama ukuta huo, akaifuata desturi ya nyumba aliyoikuta, akaiandikia programu amri hii: kila saa itakayoandikwa na Cissy, toa moja, ndipo uitume. Cissy akihesabu kwa ukuta kwamba mizigo itakuwa tayari saa tisa, mteja wa Juba akaambiwa saa nane, akaja saa nane, akachukua furushi lake, akaenda zake. Hivyo ndivyo watu walivyoishi kwa amani miezi minane.

Miezi minane! Na katika miezi hiyo mama yake Nyaduoth, huko Lemon Gaba, kila alipoulizwa na majirani binti yake anafanya kazi gani, alitoa simu na kuonyesha ujumbe mmoja wa zamani uliosema mzigo wako umefika, njoo saa nane. Huo ndio uliokuwa ushahidi wake wote. Nyaduoth alijua jambo hilo, nalo lilimpa raha na kumtia hofu kwa kipimo kimoja, kwa sababu hakuwa na kazi nyingine Juba ambayo mtu angeweza kuionyesha kwa kidole.

Lakini amani haina maisha marefu penye jirani mcheshi. Jumatatu ya wiki hiyo Mzee Wani, fundi wa redio wa kibanda cha pili, alisimama mbele ya kaunta akiwa na watu, akainua mkono kuelekea ukutani kama mhubiri, akanena kwa sauti ya kusikika:

"Ya Lubega! Wewe iko kula Juba, iko lala Juba, mvua ya Juba iko nyesha kwa kichwa yako. Lakini ukuta yako bado iko Kampala. De shunu, hii ni nini?"

Soko likacheka. Cissy akacheka pia, akajifanya anakohoa. Na Lubega, ambaye angevumilia kuitwa mnene, mchoyo au mlevi, hakuvumilia kuitwa mgeni. Alipanda juu ya benchi, na benchi likalia; akaishika saa kwa mikono miwili, akairudisha nyuma saa moja kamili, akaapa mbele ya Mungu na soko kwamba akrabu zile hazitarudi Kampala tena maadamu yeye yu hai. Watu wakampigia makofi. Wala hakuna aliyekumbuka kuiambia programu.

Jumanne ikafika. Cissy alihesabu kwa ukuta kwamba mizigo itakuwa tayari saa nane, akaandika saa nane. Programu, mtumishi mwaminifu asiye na habari, ikatoa moja, ikawaita watu themanini saa saba. Nao wakaja saa saba! Msiba wa kwanza wa siku hiyo ni kwamba watu wa Juba walifika mapema. Wakasimama juani, basi lenyewe bado halijafunguliwa kamba, na mbele yao alisimama Mama Achol, muuza bamia, mwanamke ambaye hasira yake ilikuwa na miguu yake yenyewe. Alisema mengi kuhusu Lubega, kuhusu kompyuta, na kuhusu mtu yeyote aliyewahi kuketi karibu na kompyuta, na mengi ya hayo hayaandikiki katika kitabu cha tarehe chenye heshima kama hiki. Wengine walichoka wakaondoka, mizigo yao ikaenda stoo.

Ndipo Ijumaa asubuhi, saa tano kasoro, Lubega alipoingia chumba cha nyuma, mahali Nyaduoth alipokuwa ameketi na binamu yake Manyang, mwenziwe katika kazi hiyo, akasimama mlangoni akiuziba wote, akatoa hukumu.

"Nyinyi watu ya kompyuta, sikiza mimi. Jumanne watu ilinitukana mpaka mimi nilijificha nyuma ya magunia ya vitunguu, mimi, mzee na mvi yangu. Leo dereva amepiga simu, gari imepita Nimule. Mizigo itakuwa tayari saa nane. Saa sita kamili Cissy atatuma meseji. Kama watu watakuja tena kabla ya saa, kalas, imekwisha! Hii kompyuta inaingia kwa boksi, daftari inatoka, na Cissy atapigia watu simu mmoja mmoja mpaka mdomo ikauke."

"Mdomo ya nani?" sauti ya Cissy ikaja kutoka kaunta, ikapita ukuta bila kubisha hodi. "Boss, mimi iko na mdomo moja tu!"

Lubega akaondoka, na mwanga ukarudi chumbani. Nyaduoth akaigeukia kompyuta. Siku tatu alikuwa ameichambua programu yake mstari kwa mstari akitafuta kosa, na programu ilikuwa safi. Aliinuka aende akanywe maji, akapita kaunta, akainua macho, na hapo hapo akasimama wima na kikombe mkononi. Saa ya ukutani na saa ya simu yake zilikuwa zinasema jambo moja. Tangu aingie ofisini humo hazijawahi kusema jambo moja.

"Cissy," aliuliza polepole, "nani amegusa hii saa?"

"Boss. Jumatatu. Kwani wewe hukusikia makofi?"

Nyaduoth alicheka, kisha akaacha kucheka. Alimwendea Lubega akamweleza, akamsihi airudishe saa ya ukuta Kampala walau kwa leo. Lakini Lubega alilitazama soko, akakitazama kibanda cha Mzee Wani, akasema kiapo ni kiapo. Basi binti yule akarudi chumba cha nyuma mbio, akaketi, na kwa muda wa kunywa shai nusu kikombe akaandika dawa: mistari mitatu tu, yenye kusema kwamba saa ya ukuta sasa ni ya Juba, na isitolewe kitu.

Je, mwadhani vita vimekwisha? Havijaanza bado. Kuandika dawa ni kazi ya mganga, lakini kuifikisha dawa peke yake, bila kapu zima la mganga kwenda nayo, hiyo ndiyo kazi ya shujaa. Maana kompyuta ya Nyaduoth haikuwa na mistari mitatu tu. Kwa wiki mbili alikuwa akijenga humo ukurasa mpya wa kaunta wenye picha za mizigo, nao ulikuwa nyumba yenye milango bila paa: ukifika kwa Cissy hivyo ulivyo, kaunta nzima ingezimika. Kulikuwa na vijistari vya majaribio vilivyotapakaa kila mahali vikisema nipo hapa, nipo hapa tena, bado nipo. Na kulikuwa na ule mmoja. Ee mstari ule! Siku ya Jumatano, akiwa amechoka na kukata tamaa, Nyaduoth alitaka kujaribu kama ujumbe unafika katika simu yake mwenyewe, na mahali pa maneno ya kawaida aliandika hivi: Mzigo wako umefika. Mzee Lubega ameufungua, ameupenda, na sasa anafikiria kama atakupa.

Alicheka peke yake Jumatano. Ijumaa hakucheka, kwa kuwa mstari huo ulikuwa umeketi ubavuni mwa ile mitatu ya dawa, bega kwa bega, na watu wa kutumiwa ujumbe siku hiyo walikuwa themanini na watatu.

Manyang alivuta kiti chake karibu. Huyu Manyang, mwana wa mama yake mkubwa, naye wa Eldoret, alikuwa kijana mwema mwenye kipaji na mbavu ndefu, lakini katika kazi hii jina lake lilikuwa Manyang Beba-Yote. Kwake yeye kazi yote iliyo mezani ilikuwa mzigo mmoja wa basi la Kampala: funga kamba, pandisha juu, twende. Alikuwa amefanya hivyo mwezi uliopita, akabeba yote, na katika yote hayo mlikuwa na ujumbe wake wa majaribio uliosema ugali uko tayari, leta sahani. Wateja sitini waliupokea. Kumi na mmoja walikuja, wawili wakiwa na sahani.

"Siz, wacha kujitesa," alinena Beba-Yote, sauti tamu ya mjaribu. "Weka yote, push iende, kisha tukakule. Hizo zingine tutarekebisha tukirudi. Manze, saa tano na nusu ishafika."

Nyaduoth alimgeukia, akavua miwani, akaifuta kwa pindo la nguo, akaivaa tena. Ndivyo afanyavyo kabla ya kusema neno kubwa.

"Manyang, mtoto wa mama mkubwa, sikia nikuambie. Hii saa naituma. Ile ukurasa ya picha naiacha, haijaiva. Zile za 'nipo hapa' naziacha. Na ile ya Mzee kufungua mizigo ya watu..." Akashusha sauti, akautazama mlango. "Ile hata nikifa, usiitume. Sitabeba yote. Nitachagua moja moja, na wewe utanihesabia dakika, na usinitajie chakula."

"Na ukikosea?"

"Nikikosea tutarudi Eldoret kwa miguu."

Basi akamwita Git. Wasiomjua Git wajue sasa: huyo ndiye karani wa waandika programu, mtunza tarehe asiyelala, mwenye daftari kuu ambamo kila badiliko huandikwa pamoja na jina la aliyelileta na neno alilolisemea, na yaliyomo katika daftari kuu ndiyo ambayo kompyuta ya kaunta huyavuta na kuyafuata kila baada ya dakika tano. Git hana huruma wala chuki. Ukimpa vyote huandika vyote, ukimpa ugali huandika ugali. Lakini ukimwomba kwa adabu iliyo sahihi, hukuletea mabadiliko yako kipande baada ya kipande, na kwa kila kipande huuliza: je, nacho hiki nikiweke?

Vipande vilikuwa ishirini na viwili. Vikaja kimoja kimoja kama watu kwenye mlango wa arusi, na Nyaduoth bawabu amesimama. Cha kwanza kilikuwa ukurasa wa picha. Hapana. Cha pili, picha tena. Hapana. Cha tatu kilisema nipo hapa. Nakuona, hapana. Cha saba kilikuwa rangi ya kitufe aliyoipenda sana, akaitazama kwa huzuni, akaikataa pia. Kidole chake kikapiga hapana, hapana, hapana, mpaka Manyang, aliyezoea maisha ya ndiyo, akaanza kutikisa goti.

Kikafika kipande cha kumi na nne. Ndani yake mlikuwa na dawa na sumu katika chungu kimoja: mistari mitatu ya saa, na chini yake, bila hata nafasi ya unywele katikati, Mzee Lubega anafikiria kama atakupa. Nyaduoth akamwamuru Git akigawe. Git akajibu kwa upole wake wa barafu kwamba kipande hiki hakigawanyiki.

"Saa sita na dakika arobaini," alisema Manyang, "namaanisha saa tano na dakika arobaini." Eldoret na Juba zilikuwa zimeanza kugongana kinywani mwake.

Ilibaki njia moja, nayo ni njia ya mkono. Git humfungulia mtu kipande chake, akamwambia: haya, kikate mwenyewe. Lakini sheria ya kukata ni kali kuliko ya mahari. Mstari mpya usioutaka unaufuta, lakini hapo hujamaliza. Na mstari wa zamani uliokuwa mahali pake, wenye alama ya kuondolewa, haufutwi kamwe, bali hufutwa ile alama na kuachiwa nafasi tupu, ili Git ajue kwamba mzee huyo bado anaishi hapo. Nyaduoth alijua sheria hii, alikuwa ameisoma, alikuwa hata amemfundisha Manyang. Na kwa haraka akamfuta mzee huyo pamoja na mgeni. Git akaugeuza uso: ukataji wako haukubaliki.

Jasho lilimtoka. Tuseme kweli, alitaka kulia. Aliona boksi la kompyuta likifunikwa, akaona daftari likifunguliwa, akamwona mama yake Lemon Gaba akionyesha majirani ujumbe wa zamani wa kazi ambayo haipo tena. Aliondoa mikono kwenye vitufe, akaiweka juu ya magoti, akahesabu pumzi tatu.

Kisha akaingia mara ya pili, taratibu, kama anayetoa mwiba mguuni mwa mtoto aliyelala. Mstari wa kicheko, futa. Mstari wa zamani usemao mzigo wako umefika tafadhali njoo, ondoa alama, acha nafasi. Mitatu ya saa, usiiguse. Akafunga. Git akakaa kimya sekunde moja iliyokuwa na urefu wa barabara ya Nimule, kisha akaleta kipande cha kumi na tano kana kwamba hakuna lililotokea.

"Amekubali!" alipaza Manyang.

"Usipige kelele. Bado nane."

Vinane akavikataa vyote. Akamwomba Git amwonyeshe kilichochaguliwa, akakisoma midomo ikicheza, akakuta mitatu, si minne. Akaandika neno la kumbukumbu: Saa ya ukuta sasa ni ya Juba, usitoe moja. Kisha akaituma kwenye daftari kuu.

Daftari kuu likamkataa. Likasema: kuna mtu ameandika humu kabla yako, na wewe huna habari zake, kwanza chukua yake. Nyaduoth akageuka polepole. Manyang alikuwa anaitazama dari.

"Asubuhi nilipush karangi kadogo," alisema. "Ya kijani. Nilidhani itakupendeza."

Tarehe haitaji alichojibiwa. Lakini fumbueni macho mwone jinsi balaa nyingine huja na zawadi mgongoni. Ili kuichukua kazi ya Manyang, ilimpasa Nyaduoth kwanza kuiweka kando ile mistari mingine yote mia nne na kumi, na Git ana stoo ya kazi hiyo; akaifungia humo, ukurasa wa picha, nipo hapa, na Mzee Lubega mwenyewe, akageuza ufunguo. Programu ikabaki tupu na safi, na dawa peke yake ndani yake, pamoja na kijani cha Manyang, ambacho, haki isemwe, kilikuwa kizuri. Hapo akaweza kuijaribu. Akaandika saa nane. Ikajibu saa nane. Akaitazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Akatuma tena, na daftari kuu likapokea, saa sita kasoro dakika tisa.

Na angekaa chini apumzike, kama si sauti aliyoisikia kutoka mbele: benchi likilia.

Enyi wasikilizaji, hiyo sauti mnaijua. Nyaduoth alitoka mbio, miwani mkononi, akamkuta Lubega amesimama juu ya benchi, mikono miwili imeishika saa ya ukutani, kidole gumba tayari kwenye gurudumu la nyuma. Chini yake soko lilikuwa linatazama, na Mzee Wani alikuwa ametoka kibandani kwake na koleo la redio mkononi. Uso wa Lubega ulikuwa na unyonge ambao hakuna aliyewahi kuuona.

"Mzee! Usiiguse!"

"Wacha nirudishe Kampala, mwanangu," alisema Lubega, na sauti yake haikuwa ile ya hukumu. "Wewe ulisema tatizo ni saa. Mimi nimekuwa kule nikafikiri. Heri watu wacheke Lubega kuliko mashine yako iingie kwa boksi kwa ajili ya kiapo yangu. Wewe ni mtoto ya watu, umefanya kazi. Wani atacheka, sawa, atachoka."

Mtu yule alikuwa anataka kuila aibu yake mbele ya soko zima kwa ajili yake, na akifanya hivyo angeangamiza kila kitu: kwa kuwa programu sasa ilikuwa haitoi moja tena, na Cissy angehesabu kwa ukuta saa tisa, na watu themanini na watatu wangeitwa saa tisa, waje waone vumbi la gari lililobeba mizigo yao.

"Mzee wangu," alisema, na hotuba ilikuwa fupi kwa sababu pumzi ilikuwa fupi, "asante. Lakini ukinisaidia sasa tumekwisha. Nimeshairekebisha. Mashine iko Juba. Acha ukuta pia ubaki Juba. Kiapo chako kizima, hakijavunjika. Shuka tu, tafadhali, polepole."

Lubega aliitazama saa, akamtazama yeye, akamtazama Wani.

"Iko Juba? Kweli?"

"Iko Juba kabisa."

"Yala, Cissy," alisema Lubega akishuka, na benchi likashukuru. "Tuma."

Saa sita kamili, kwa saa ya Juba, ya ukuta na ya simu na ya programu, Cissy alisoma, akaandika saa nane, akabonyeza. Simu ya Nyaduoth ilitetemeka mkononi mwake, kwa kuwa alikuwa amejiweka katika orodha. Mzigo wako umefika, tafadhali njoo saa nane. Hakuna neno la mtu yeyote kufungua kitu. Akaiweka simu mfukoni akaketi juu ya gunia la mtu.

Saa saba ikapita, na mbele ya kaunta hapakuwa na mtu ila mbuzi. Saa nane kasoro kidogo basi likafunguliwa kamba, mizigo ikapangwa, na watu wakaanza kuja. Wa kwanza alikuwa Mama Achol. Alikuja amejiandaa kwa vita: kigoda kwapani, mwavuli mkononi, chupa ya shai, na maneno aliyoyanoa tangu Jumanne. Alitafuta mahali pazuri pa kuwekea kigoda, penye kivuli na pa kusikika vizuri, na kabla miguu ya kigoda haijagusa ardhi Cissy akaita jina lake, na furushi likawa mbele yake.

Akalitazama furushi. Akaitazama saa.

"Leo hakuna kungoja?" aliuliza.

"Mafi, hakuna," alisema Cissy. "Chukua, mama, mwingine apite."

Akachukua, akaenda, kigoda kwapani, maneno yote bado kinywani. Nyuma yake watu wakapita mmoja mmoja, wakachukua, wakaondoka. Hakuna aliyesifu, hakuna aliyeshukuru, hakuna aliyejua kwamba palikuwa na vita. Nyaduoth aliwatazama kwa furaha kubwa ambayo hakuweza kumweleza mtu.

Jioni kabla ya kufunga, Lubega aliingia chumba cha nyuma na vikombe viwili vya shai, akavuta kiti, akasema anataka kuona kwa macho yake hiyo mistari mitatu. Nyaduoth, ambaye alikuwa ameshafungua stoo na kurudisha kazi yake yote mahali pake, aligeuza kompyuta kumwonyesha, akasahau ni nani jirani wa mistari hiyo. Alikumbuka alipoona midomo ya Lubega ikisoma. Ilisoma mmoja, wa pili, wa tatu. Ikasoma na wa nne. Mzee Lubega ameufungua, ameupenda, na sasa anafikiria kama atakupa.

Manyang akatoka chumbani kama moshi. Lubega akausoma tena tangu mwanzo.

"Hii nayo," aliuliza, "ulitumia watu?"

"Hapana, Mzee. Hiyo niliiacha."

"Hizi tatu ulituma. Hii, iko karibu hivi, ukaiacha."

"Ndiyo, Mzee."

Tumbo la Lubega likaanza kutikisika kwanza, kisha mabega, kisha kiti. Alicheka mpaka akafuta macho kwa mgongo wa mkono.

"Mimi miezi minane nilikuwa najiuliza wewe unafanya kazi gani huku nyuma," alisema. "Kumbe ni hii. Unajua ya kutuma, na unajua ya kuacha. Kuna watu Juba hapa wamezeeka bila kujua hiyo. Kunywa shai."

Na iandikwe basi, na isifutwe, kwamba siku ile katika soko la Jebel vipande ishirini na kimoja vilirudishwa mlangoni na kimoja, cha kumi na nne, kikaingia nusu yake; kwamba daftari la Cissy lilirudi mtotoni mwa meza na halijatoka; kwamba ukuta wa Lubega upo Juba mpaka leo. Waliopigana vita vikubwa kuliko hivi wana sanamu zao. Nyaduoth ana mstari mmoja katika daftari la Git, wenye jina lake na saa yake, na saa hiyo ni sahihi.